Picha ya Mkia ni ya Aliyechelewa

Treni ya mizigo ikishaanza kupanda mlima wetu haisimami.

Lishike hilo mapema, la sivyo kisa hiki utakiona cha kawaida. Mlima ni mkali, mzigo ni mzito, na dereva akisimama katikati hana uhakika wa kuondoka tena. Haisimami kwa mvua wala kwa mbuzi. Usijidanganye kwamba itasimama kwa ajili yako.

Ndiyo maana watu hawaniamini nikiwaambia kwamba Jumatatu moja injini ilifunga breki katikati ya mlima huo huo, mlango ukafunguka, akashuka mwanamke mwenye ovaroli, akaanza kuita:

"Bwana Koti! Bwana Kotiii!"

Mimi nilikuwa nimelala chini ya jabali, mguu wa kulia umeelekea upande ambao miguu haielekei. Nikajisemea, masikini, kumbe kuna mwenzangu kapotelea huku.

"Bwana Koti siye mimi!" nikapaza sauti. "Lakini nisaidie tu hata mimi!"

Sijawahi kuitwa jina hilo. Mama hakuniita hivyo, shuleni hawakuniita hivyo, na mtaani wananiita Fundi tu.

Kumbe anayetafutwa ni mimi.

Ngoja nirudi nyuma kidogo nisije nikawaacha njiani.

Mimi ni fundi wa vioo na fremu. Ukioa, ukihitimu, ukipata mtoto, picha yako itapita mezani kwangu. Napima, nachora kwa kisu cha almasi, nagonga kidogo, kioo kinakatika. Naweka picha, napiga vijimisumari nyuma, nafuta alama za vidole, nakufungia kwenye gazeti. Unaondoka na furaha yako kwapani.

Kutwa nzima nakaa na familia za watu zinazocheka. Jioni nafunga duka, nakwenda kwangu.

Kwangu ukutani hakuna anayecheka. Kuna treni.

Tangu mama afariki naishi peke yangu kwenye nyumba ya vyumba viwili. Sikuoa. Usiniulize kwa nini, dada yangu ameshauliza kwa niaba yenu wote. Sahani ninayo moja ninayoitumia, nyingine zimekaa kabatini mpaka zimesahau chakula.

Duka langu halifunguliwi Jumatatu. Basi kila Jumatatu nilikuwa nabeba kamera, stendi yake ya miguu mitatu na chupa ya chai, napanda kwa miguu mpaka kwenye jabali moja lililo mbele ya handaki. Hapo reli inatoka handakini, inakata kona ya kushoto, inapanda. Mwinamo wake ukiuona utadhani wajenzi walikuwa na hasira na mtu.

Hapo ndipo kwenye raha yangu. Wenzangu wana mpira, wengine wana pombe. Mimi nina treni za mlimani.

Kuna kundi letu mtandaoni, la wapenda treni. Hatujaonana hata siku moja, tunajuana kwa picha na kwa kubishana. Mtu anaweza kukutukania ukoo wako kwa sababu umekosea namba ya injini. Lakini ni watu wazuri. Nadhani wengi wao wana sahani moja kama mimi.

Kundini kuna sheria ambayo haijaandikwa popote na kila mtu anaijua: picha ni kichwa. Ile injini ya mbele inapochomoza handakini, taa zinawaka, moshi unagonga dari, hapo ndipo unabonyeza. Ukileta picha ya nyuma ya treni hutapewa hata salamu. Watakuandikia neno moja tu.

"Umechelewa."

Picha ya mkia ni ya aliyechelewa. Ndivyo tunavyosema.

Sasa, treni za mlima wetu zina injini mbili. Moja iko mbele inavuta. Nyingine iko nyuma kabisa, baada ya behewa la mwisho, inasukuma. Zikifika stesheni ya juu, hii ya nyuma inafunguliwa, inarudi chini peke yake kungoja treni nyingine. Kuukuu, rangi imebabuka, kioo kimoja cha pembeni kimepasuka. Nilikuwa nakiona kile kioo injini ikiwa imesimama stesheni ya chini, na kidole kinaniwasha kukibadilisha. Zaidi ya hapo sikuwa na habari nayo.

Utaratibu wangu ulikuwa huu. Kichwa kinatoka, nabonyeza, nabonyeza, nabonyeza. Kikipita tu, kazi imekwisha. Lakini jua la kule juu ni kali, kioo cha kamera kinakuwa cheupe pe, huoni kitu. Kwa hiyo navua koti langu la kahawia, nalitupia kichwani pamoja na kamera, ikiwa bado iko kwenye stendi yake, imeitazama reli. Naingia humo gizani kuangalia nilichopata.

Mabehewa yanapita, ga-gang, ga-gang, mimi nimo ndani ya koti na picha zangu.

Na kila mara, injini ya nyuma ikifika usawa wa jabali, ilipiga honi mbili fupi. Pi, pi. Pale pale.

Mimi mjuaji bwana. Niliwaandikia kundini kwamba ile ni ishara, dereva wa nyuma anamwambia wa mbele, "Niko sawa, endelea kuvuta." Jamaa mmoja akabisha. Nikamshushia maelezo marefu mpaka akaomba radhi. Usiku huo nililala nimejikunyata kwa raha kama paka.

Basi. Dada yangu ni mdogo kwangu lakini ukimsikia utadhani yeye ndiye aliyeninyonyesha. Kila Jumapili ananipigia simu.

"Kaka, bado unakwenda huko kwenye majabali?"

"Nakwenda."

"Ukidondoka huko, nani atajua?"

"Si wewe utajua."

"Mimi nitajua Jumapili nikikupigia. Ukidondoka Jumatatu je?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Kaka yangu, hata treni ina kinachoifuata nyuma. Wewe una nani? Chumba cha uani kipo, shemeji yako amekipaka rangi. Mwisho wa mwezi tunakuja kukuchukua."

Kwa dada ni mbali sana na mlima. Ningeweza kukataa, lakini alikuwa ameniuliza swali na sikuwa na jibu. Nani atajua? Nililizungusha swali hilo wiki nzima nikikata vioo. Mteja akichelewa kuja kuchukua fremu, nilikuwa najiuliza, huyu nikiwa nimekufa atagonga mara ngapi kabla ya kwenda kwa fundi mwingine?

Mara mbili, nadhani. Watu wana shughuli zao.

Nikamwambia dada sawa, njooni mnichukue.

Jumatatu iliyofuata nikapanda mlimani kuaga. Sikumwambia mtu kwamba naaga, ningemwambia nani? Usiku mvua ilikuwa imenyesha, jabali lilikuwa na ule ukijani unaoteleza. Mtu mwenye akili angekaa mahali pake pa siku zote. Mimi nikasema picha ya mwisho iwe kali kuliko zote, nikasogeza stendi mpaka ukingoni.

Treni ikaja. Nikabonyeza. Nikajua nimeipata, unajua vile mwili wenyewe unavyojua. Nikavua koti, nikalitupia kichwani, nikapiga hatua moja ya pembeni nikiwa humo ndani.

Hatua haikupata jiwe.

Sikumbuki kuanguka. Nakumbuka kufika. Mguu ulilia kabla yangu.

Juu yangu mabehewa yalikuwa bado yanapita. Halafu nikasikia honi mbili. Pi, pi.

Kimya kidogo.

Pi, pi. Tena.

Treni imeshaanza kuingia kona ya juu, nikasikia tena, pi, pi, kwa mbali. Hata katika maumivu yale kichwa changu cha ujuaji kikauliza, ishara gani hii ya kurudiarudia?

Kisha mlima ukanyamaza.

Simu haikuwa na mtandao. Nikapiga kelele, sauti ikagonga jabali ikanirudia mwenyewe. Jua likatoka usoni likahamia mkononi. Nikamkumbuka dada. Ukidondoka Jumatatu je? Na leo ni Jumatatu. Atapiga simu Jumapili.

Nililia jamani. Naandika wazi. Sikulia mguu, nililia kwa sababu nilianza kuhesabu watu watakaoshangaa nisipoonekana kesho, nikakosa wa kuanza naye.

Ndipo nikasikia injini moja ikishuka peke yake, bila mabehewa. Breki zikalia. Na yule mwanamke akaanza kuita Bwana Koti.

Aliteremka kwenye mawe kama mtu anayeshuka ngazi za kwao. Nyuma yake msaidizi wake, jamaa mnene asiyesema, kabeba sanduku la huduma ya kwanza.

"Ndiye huyu," yule mwanamke akasema. "Koti lenyewe hilo hapo."

"Dada, mimi sikujui."

"Najua hunijui. Usisogeze mguu."

Wakachukua stendi ya kamera, wakaikunja, wakaufunga mguu wangu juu yake kwa mikono ya koti langu. Wakanibeba mpaka kwenye injini. Ndiyo, ile kuukuu yenye kioo kilichopasuka. Miaka yote ile napiga picha treni, na siku ya kwanza kuingia ndani ya injini naingia nimelala chali.

Akazungumza kwenye redio, akawaambia stesheni ya chini watafute gari la kumpeleka mgonjwa hospitali. Tukaanza kushuka polepole.

"Umejuaje kama nimeanguka?" nikamuuliza.

"Wakati wa kupanda niliona stendi imesimama, koti halipo. Nikapiga honi, hakuna mtu. Nikapiga tena. Nisingeweza kusimama, mimi ni wa kusukuma tu, treni ni ya aliye mbele. Basi nikarudia honi, kama uko hai ujue nimeona."

 Nikaligusa koti langu pale lilipofungwa mguuni.

"Na hilo jina Bwana Koti?"

"Nilikabidhiwa."

"Ulikabidhiwa nini?"

"Wewe."

Nilidhani dawa ya maumivu imeanza kufanya kazi, lakini nilikuwa sijapewa dawa yoyote.

"Mlima huu hupewi injini hivi hivi," akasema, macho yakiwa relini. "Lazima kwanza upande na mzee anayeiacha, safari baada ya safari, akuonyeshe njia. Hapa reli inateleza asubuhi. Hapa mbuzi wanavuka. Hapa maji yanashuka mvua ikinyesha. Tulipofika kwenye jabali akaniambia, na hapa Jumatatu kuna Bwana Koti. Mpigie honi mbili. Hajibu, usimchukie, yuko kazini. Lakini siku ukiona vitu vyake bila yeye, usimpite."

Msaidizi mnene akatikisa kichwa kukubali. Naye alikuwa amekabidhiwa.

"Samahani," nikasema. "Zile honi mbili si za kumwambia dereva wa mbele kwamba uko sawa?"

Akageuka akaniangalia.

"Wa mbele naongea naye kwa redio. Yuko kule, injini inanguruma miguuni kwake, hiyo honi angeisikiaje?"

"Kwa hiyo zile honi..."

"Ni zako."

Wakuu wa kundini, hasa yule niliyekuandikia maelezo marefu, ulikuwa sahihi. Nisamehe.

Mpaka tunafika chini nilikuwa nakitazama kile kioo kilichopasuka.

Hospitali wakaufunga mguu plasta ngumu. Dada akapigiwa simu, akafika kesho yake, macho mekundu, mdomo uko tayari.

"Umeona sasa? Nilikwambia! Nani angejua?"

"Kuna aliyejua."

"Nani?"

"Simjui."

Dada akamgeukia nesi. "Na kichwa aligonga?"

Nikakaa kwenye kile chumba cha uani. Rangi nzuri, watoto wa dada wananichorea mguu wenye plasta, shemeji ananiletea kiti nje jioni. Sikukosa kitu. Lakini nilikuwa nimeomba niletewe kompyuta yangu, na kila nilipobaki peke yangu nilikuwa napekua picha.

Nilikuwa namtafuta yeye. Mzee wa injini ya nyuma.

Vichwa vya treni, tele. Vya ukungu, vya mvua, vya jua la saa kumi. Nikasogeza, nikasogeza, nikasogeza. Injini ya nyuma hakuna. Hata kipande, hata kivuli. Kila treni niliyowahi kuipenda nilikuwa nimeikata katikati.

Nilipoweza kutembea kwa magongo nikarudi mlimani, nikamtafuta yule dereva wa kike. Akanielekeza.

"Amestaafu. Anakaa nyumba za reli pale chini ya mlima, mlango wa mwisho. Masikio yamekwisha, injini imeyala. Mpigie kelele sikio la kushoto."

Nikaenda. Nikagonga, kimya. Nikakumbuka masikio, nikasogea dirishani nikapunga mkono.

Mlango ukafunguliwa na mzee mrefu, mwembamba, shati limepigwa pasi mpaka kwenye kola. Nyuma yake chumba safi sana, safi ya mtu asiye na wa kumchafulia. Kitanda kimetandikwa, birika moja, kikombe kimoja. Kiti kimoja kimeelekezwa dirishani, kutazama reli. Kuta tupu.

Nikakijua kile chumba. Ningeweza kukitembea nimefumba macho.

"Shikamoo mzee!"

"Ee?"

"Shikamoo! Mimi ni yule wa jabalini!"

"Sinunui kitu, mwanangu."

Nikasogea sikio la kushoto. "Bwana Koti! Mimi ndiye Bwana Koti!"

Akanikagua kuanzia magongo mpaka usoni, bila haraka. Akatikisa kichwa. Ule uso hakuwahi kuuona.

Nikafikiri kidogo. Nikaegemeza magongo ukutani, nikavua koti, nikalitupia kichwani, nikainama kama ninavyoinama kwenye kamera. Nikakaa hivyo mlangoni kwa mtu, kwenye giza langu la siku zote, nikiomba majirani wasipite.

Nikasikia anavuta pumzi.

"Eeehee!" Mikono miwili ikanishika mabega, ikanitikisa. "Karibu! Karibu sana, Bwana Koti!"

Akanipa kile kiti chake. Yeye akakaa kitandani. Kikombe kilikuwa kimoja, akanipa mimi, yeye akanywea chai kwenye mfuniko wa chupa. Nikamwambia ahsante sikioni mpaka nikakohoa.

Akapunga mkono, hilo si kitu.

"Unajua injini ya nyuma ilivyo?" akasema, kwa sauti kubwa ya wasiosikia. "Huoni mbele. Safari nzima mbele yako kuna ukuta wa behewa. Unasukuma, hujui unasukumia wapi, unaambiwa tu kwenye redio. Msaidizi ananisemesha simsikii. Ukifika pale jabalini, dirishani anatokea mtu. Mtu mmoja mlima mzima! Na amesimama kwa ajili yangu mimi."

"Mzee, mimi sikuwahi kukujibu hata siku moja!"

"Ungejibuje? Ulikuwa kazini." Akacheka. "Mimi nilikuwa nikikaribia handaki naweka kofia sawa. Nafuta uso. Natoa mkono dirishani. Halafu nakupigia honi mbili, ujue niko tayari."

"Tayari kwa nini?"

"Kwa picha!"

Nikakiweka kikombe chini.

"Nilipokuwa mtoto," akaendelea, "alikuwapo mpiga picha mjini mwenye kamera ya miguu mitatu. Anakuweka, anaingia kwenye kitambaa chake cheusi, anafunika kichwa, hapo ujue usitikisike. Nilivyokuona unajifunika koti nikasema, huyu ni fundi wa zamani kabisa. Treni nzima inapita, anangoja nifike mimi ndipo anafunika kichwa."

Sasa naomba urudi juu usome tena nilikuwa nafanya nini ndani ya lile koti.

Nilikuwa naangalia picha za injini ya mbele.

Miaka yote ile, kila Jumatatu, mzee wa watu amevaa kofia vizuri, ametoa mkono dirishani, ametulia asitikisike. Mimi niko hatua chache tu, kamera imemtazama yeye, kidole hakipo.

"Sina picha yangu hata moja nikiwa kwenye injini," akasema. Akaonyesha zile kuta. "Nilipostaafu nikasema, haidhuru, Bwana Koti anazo. Ningekuja, lakini sikujua unakaa wapi. Zilitokaje?"

Nikaangalia sakafu. Imedekiwa. Ningeweza kumwambia zipo nitakuletea, nikatoka, nisirudi. Ningeweza kumwambia ukweli wote, sheria ya kundi na kila kitu. Nilijaribu kufungua mdomo kwa vyote viwili.

Mwisho nikainamia sikio la kushoto.

"Hazikutoka vizuri, mzee."

"Zote?"

"Zote. Nilikuwa nachelewa."

Akaniangalia kwa muda. Yale macho yaliwahi kusoma mlima mzima, reli inapoteleza na maji yanaposhuka. Sidhani kama nilimficha kitu.

Kisha akanipiga goti, lile zima.

"Basi wewe ni mpiga picha mbovu sana," akasema. "Itabidi turudie."

Yule dereva wa kike nilipomweleza hakuuliza swali. Alisema, "Niachie mimi." Akaongea na mkuu wa stesheni, mkuu wa stesheni akakuna kichwa, akasema kanuni hairuhusu, akasema tena kwamba kumuaga mstaafu si kosa, mzee apande injini ya nyuma mara moja tu.

Jumatatu iliyopangwa nilipanda mlima kwa magongo, nikipumzika kila baada ya hatua chache kama bibi harusi. Nikasimamisha kamera mahali pa siku zote, mbali na ukingo. Koti nikalivaa, nikafunga vifungo vyote.

Treni ikanguruma handakini.

Kichwa kikatoka. Na wallahi kilikuwa injini mpya kabisa, ambayo kundini tulikuwa tunaisikia tu, taa zake nyeupe, rangi haijapigwa jua. Hakuna aliyekuwa na picha yake. Jua lilikuwa mahali pake, moshi ulikuwa mahali pake. Kidole kilikuwa juu ya kitufe.

Niliogopa kwamba nikianza na hiki, mzee atanipita tena. Nikakitoa kidole. Kichwa kikapita.

Mabehewa yakaanza. Kwa mara ya kwanza niliyaona yote yakipita. Sikujua kama ni mengi hivyo. Sikujua mzigo ni mzito hivyo, wala jinsi anayesukuma anavyokaa nyuma ya vitu vyote hivyo asijulikane kama yupo.

Halafu ikatokea. Rangi imebabuka, kioo kimepasuka.

Dirishani mzee, kofia imenyooka, shati la pasi, mkono nje. Ametulia kabisa. Alikuwa anajua kazi yake.

Pi, pi.

Hakuzisikia honi zake mwenyewe, najua. Basi nikabonyeza kwa mkono mmoja na ule mwingine nikaunyanyua juu, gongo na kila kitu, nikampungia. Nikapunga mpaka gongo likaniponyoka.

Akaona. Ule uso uliokuwa umejikaza kwa ajili ya picha ukafunguka wote, na hiyo ndiyo picha niliyoipata.

Kioo cha picha hiyo nilikikata mwenyewe. Nimekata vioo vya harusi nyingi bila kukosea, kile nilikirudia. Sasa kiko ukutani kwa mzee, juu ya birika. Vikombe vimekuwa viwili.

Nakala nyingine nikampelekea dada siku nilipokwenda kuchukua nguo zangu. Akaishika kwenye mwanga.

"Huyu ni nani?"

"Si ulisema hata treni ina kinachoifuata? Ndiye huyo. Aliyejua."

Dada akaitazama sana. Akasema chumba cha uani kipo, nisisahau, na kwamba Jumatatu naye atakuwa ananipigia. Kisha akaenda jikoni kwa haraka, na mimi sikumfuata.

Ile ya tatu nikaipandisha kundini. Bila maelezo. Injini chakavu, kofia, mkono, mzee anacheka. Haikupita hata dakika.

"Umechelewa, mkuu."

"Umechelewa."

"Kichwa kiko wapi? Tunasikia ile injini mpya ilipita huko. Umechelewa wewe."

Ndugu zangu, mimi si mtu wa mafunzo. Ila kama unasoma hii uko peke yako, sahani moja, na umeshajihakikishia kwamba ukidondoka hakuna atakayejua, usifunge hesabu mapema. Inawezekana kuna mtu anakupigia honi kila wiki na wewe uko ndani ya koti. Kichwa kikipita, subiri kidogo.

Nilirudi kundini nikawajibu wote kwa pamoja.

"Ni kweli," nikaandika. "Nimechelewa sana."